Mgeni wa Chini ya Gati

Miongoni mwa viumbe wanaojishika kwenye nguzo za gati, kwenye maboya na kwenye ubavu wa chombo kilichotia nanga kwa muda mrefu, wamo wanyama laini wenye umbo la kifuko, ambao wakibinywa hurusha maji kwa nguvu kupitia matundu mawili yaliyo juu ya mwili, na ambao kwa sura tu mtu angeweza kuwadhania kuwa ni aina ya mwani au kipande cha mpira kilichooza. Wataalamu wa elimu ya bahari huwaweka katika kundi la askidia, na jina hilo ndilo litakalotumika katika mazungumzo haya. Tundu moja huvuta maji, jingine huyatoa, na katikati mna chujio linalonasa vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha mnyama huyu. Mwili wake umevikwa joho gumu kiasi, lenye kitu cha jamii ya selulosi, yaani kile kile kinachoipa miti na pamba nyuzi zake, jambo lililo nadra sana katika ulimwengu wa wanyama. Aina zake zinazojulikana duniani zinakaribia 3,000. Nyingine huishi mmoja mmoja, na nyingine huishi kwa makundi ambamo mamia ya wanyama wadogo hushirikiana katika joho moja, kundi likatanda juu ya jiwe kama zulia lililolowa.

Jambo la kushangaza zaidi kuhusu askidia limo katika utoto wake. Anapoanguliwa huwa kiluwiluwi mwenye mkia, na ndani ya mkia huo mna uti laini unaomweka katika ukoo mmoja mkubwa pamoja na samaki, ndege na binadamu. Kiluwiluwi huyo haogelei siku nyingi: mara nyingi ni saa chache tu, au siku moja hivi, kisha hutafuta mahali pagumu penye kivuli, hujigandisha kwa kichwa, na mkia pamoja na sehemu kubwa ya mishipa ya fahamu huyeyuka na kufyonzwa na mwili. Ni wachache katika ukoo wa wenye uti wanaolipa bei kubwa namna hiyo kwa ajili ya kupata makazi. Kutokana na ufupi wa safari hiyo, askidia hawezi kuvuka bahari kuu kwa nguvu zake mwenyewe, kwa sababu muda wake wa kuogelea humalizika kabla hajafika mbali na mwamba aliozaliwa. Kwa hiyo askidia wa pwani ya Japani akikutwa katika bandari ya Wales au New Zealand, hapana budi kukubali kwamba ameletwa, na kwamba aliyemleta ni binadamu.

Njia za kuletwa zinajulikana. Mara nyingi lawama huangushwa juu ya maji ya farumi, yaani maji ambayo meli huyapakia matumboni mwake ili isiyumbe inaposafiri bila shehena, mahali pa mawe na mchanga uliotumiwa na majahazi ya zamani, na ambayo humwagwa bandarini meli inapopakia mzigo. Kwa kaa, konokono na samaki wachanga, lawama hiyo ni ya haki. Kwa askidia, ambaye utoto wake hauvumilii safari ya wiki mbili katika giza la tangi, njia iliyo kuu zaidi ni ubavu wa chombo wenyewe: mnyama mzima hujishika chini ya mstari wa maji, husafiri na meli, na meli ikitia nanga huzaa bandarini, na watoto wake huona nguzo ya gati iko hatua chache tu. Njia nyingine ni ufugaji wa viumbe vya baharini, ambamo mbegu za chaza, kamba na vyandarua huhamishwa kutoka ghuba moja hadi nyingine pamoja na vyote vilivyojishika humo. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu sheria zimeegemea upande mmoja. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017, ilhali kuhusu uchafu wa ubavuni Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wa hiari tu mwaka 2011. New Zealand ndiyo iliyotangulia nchi nyingine, mwaka 2018, kuzilazimisha meli zote zinazotoka nje ziingie zikiwa na ubavu safi.

Nchi hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2001 katika bandari ndogo ya Whangamata lilionekana zulia la rangi ya manjano iliyofifia lililofunika nguzo na kuning'inia kama kamba za nta, na mwaka uliofuata mnyama huyo alipewa jina la kitaalamu Didemnum vexillum. Asili yake ni Japani, na wakati anapewa jina alikuwa tayari ameshafika mbali: Uholanzi alikuwapo tangu mwaka 1991, na mwaka 2002 akagunduliwa kwenye Georges Bank, uwanda wa uvuvi wenye utajiri mkubwa mashariki mwa Marekani, ambako miaka michache baadaye alikuwa amefunika zaidi ya kilomita za mraba 200 za changarawe ya chini ya bahari. Changarawe iliyofunikwa hivyo si changarawe tena kwa kome anayetaka kujishika wala kwa samaki anayetafuta chakula katikati ya mawe, na samaki wachache hupenda kumla mvamizi mwenyewe, kwa kuwa joho lake lina ukali wa asidi.

Mfano unaostahili kukaliwa zaidi ni wa Holyhead, bandari ya kaskazini mwa Wales, kwa sababu unaonyesha gharama ya kuchelewa hata pale ambapo adui ameonekana mapema. Askidia huyo aligunduliwa mwaka 2008 katika sehemu ya kuegesha boti, akiwa eneo dogo tu, na wahusika wakaamua kumtokomeza. Wapiga mbizi walivifunga kwa mifuko ya plastiki vyelezo vyote vya kuegeshea pamoja na minyororo yake, ili maji yaliyonaswa ndani yaishiwe hewa na, inapobidi, yatiwe dawa ya klorini. Kazi hiyo iliendelea katika majira ya baridi ya mwaka 2009 na 2010, na ilionekana kufanikiwa. Majira ya joto yalipofika, makundi madogo mapya yalikutwa yameota, kazi ikaanza upya. Kosa halikuwa la wapiga mbizi. Mnyama anayeweza kumeguka kipande, kipande hicho kikapeperushwa na mkondo na kuota mahali pengine, hamalizwi kwa kung'olewa, na kila anayemkwangua ovyo humsaidia kuenea. Huko Prince Edward Island, Kanada, ndugu yake mwingine, Styela clava, aliyeonekana mwishoni mwa miaka ya 1990, alizijaza kamba za wafugaji wa kome kiasi cha kuzifanya nzito kupita uwezo wa boya, na mfugaji akawa anavuna uzito usiouzika.

Pwani ya Bagamoyo na kaskazini ya Dar es Salaam inaingiaje katika habari hii? Kwanza, askidia si wageni wote. Miamba ya Afrika Mashariki ina wenyeji wake, mashuhuri miongoni mwao Didemnum molle, kijungu cheupe chenye kijani ndani kinachoonekana na kila anayepiga mbizi kwenye matumbawe, ambacho hakimsumbui mtu. Wapo pia wale ambao wataalamu huwaita viumbe wa asili isiyojulikana, yaani waliokutwa bandarini tangu uchunguzi wa kwanza, na ambao hakuna awezaye kuthibitisha kama ni wenyeji au waliletwa zamani. Kwa pwani ambayo kwa zaidi ya miaka 1,000 imepokea vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi, Hadhramaut na Gujarati, vikija na kaskazi na kurudi na kusi, kundi hilo haliwezi kuwa dogo; ukoo wa viumbe wa chini ya jahazi huenda umechanganyika kama ukoo wa watu waliokuwa juu yake.

Hata hivyo, majahazi yale hayakuwa wabebaji wazuri kama meli za leo zinavyoweza kuwa, na sababu yake imo katika kazi ya mikono ya mabaharia wenyewe. Chombo kilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yalipokupwa kikalala ubavu, kikakwanguliwa hadi kwenye mkuku, kikachomwa kwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu watoboao mbao, kisha kikapakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya uhai wa mbao na wepesi wa mwendo, wala hakuna aliyefikiria askidia. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba chombo kiliondoka kikiwa safi chini kama juu. Mbinu inayopendekezwa leo katika miongozo ya kimataifa, kukwangua nchi kavu na kupaka upya kabla ya safari ndefu, mafundi wa vyombo wa pwani hii waliijua kwa jina na kwa harufu.

Kuhusu mgeni wa baharini aliyethibitishwa kuenea katika maji ya Tanzania, mfano ulio wazi kuliko wote si mnyama. Ni mwani, tena mwani uliokaribishwa. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti uliofungua njia ya zao hilo, kwa kuwa pwani ilikuwa na mwani wake wa asili uliokuwa ukiokotwa na kuuzwa nje. Kilimo chenyewe kilipoanza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, Unguja, mbegu zilizotumika zililetwa kutoka Ufilipino, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa kwa kukua haraka. Aina ni mbili, na wakulima huziita kwa majina ya kibiashara: spinosamu, iliyo ngumu kufa na yenye bei ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri na afya dhaifu. Zote hutoa karajinani, uji mzito unaotumika viwandani kuipa dawa ya meno na aiskrimu ule ulaini wake. Kilimo kilivuka hadi Pemba, Tanga, Bagamoyo na kusini, na kikawapa kazi watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake ambao hapo kabla pato lao la fedha lilikuwa dogo sana.

Tatizo ni kwamba mbegu ya Ufilipino na mwani wa asili wa Afrika Mashariki hufanana kwa macho hata mkulima mzoefu asiweze kuzitenga. Kinachozitenga ni vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Watafiti walipovisoma vinasaba vya spinosamu iliyoota yenyewe kwenye miamba ya Zanzibar, nje ya mashamba, waligundua, na kuchapisha mwaka 2015, kwamba sehemu kubwa ya mwani huo haikuwa ya asili bali ilitokana na mbegu za Asia zilizokatika kwenye kamba na kusambaa. Hapakuwa na vita wala kelele. Mwenyeji alipungua, mgeni akajaza nafasi yake akiwa na sura ile ile, na isingalikuwa maabara hakuna ambaye angalijua. Kunguru aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 alijitangaza mwenyewe kwa sauti yake kila alfajiri. Mgeni wa baharini hana tabia hiyo.

Isisemwe kwamba kilimo cha mwani kilikuwa kosa. Ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii, iliyopelekewa mbegu za mwani wa jamii hiyo miaka ya 1970, ilishuhudia mwani huo ukipanda juu ya matumbawe na kuyanyima jua, na kisiwa cha Kurusadai, kusini mwa India, kilipatwa na hali kama hiyo mwaka 2008. Pwani ya Tanzania haikupatwa na msiba wa kiasi hicho, na fedha za mwani zimesomesha watoto. Ila uamuzi wa mwaka 1989 ulifanywa kabla hapajawa na orodha kamili ya vinasaba vya mwani wa asili, na kwa hiyo, hasara ilipokuja kupimwa robo karne baadaye, ilibidi ipimwe kwa kubahatisha hali ya kwanza ilivyokuwa. Hilo ndilo kosa linaloweza kurudiwa.

Mlingotini, kijiji cha wilaya ya Bagamoyo kilicho kando ya hori lake lenye maji matulivu, panaonyesha jinsi jambo hili linavyoungana tena na askidia. Kilimo cha kawaida cha mwani hutumia kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili mahali pa maji mafupi, ambapo maji yakikupwa mkulima huenda kwa miguu, na kamba pamoja na vyote vilivyojishika juu yake huonja jua. Jua hilo na ujoto wa maji mafupi, uliozidi katika miongo ya karibuni, ndivyo vinavyoiua kotonii: ncha zake hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika. Suluhisho lililojaribiwa Mlingotini na kwingineko ni kuihamishia kotonii kwenye maji marefu, juu ya kamba zinazoelea kwa maboya na kushikwa na nanga. Kwa mwani, uamuzi huo ni wa busara. Kwa askidia ni mwaliko, kwa sababu kamba isiyokauka kamwe, iliyo mbali na miamba yenye vikande na samaki wengine wanaopenda kudonoa vitu laini, yenye kivuli cha mwani na chakula tele kinacholetwa na mto Ruvu, ni nyumba ambayo mnyama huyo asingeweza kujijengea mwenyewe. Haina maana kwamba kamba hizo ziondolewe. Maana yake ni kwamba kamba, maboya na mbegu visihamishwe kutoka ghuba moja hadi nyingine kabla ya kukaushwa juani kwa siku kadhaa au kukaguliwa, na kwamba mama anayekwangua boya lake atupe uchafu huo nchi kavu, asiumwage majini ambako kila kipande kinaweza kuwa mbegu.

Msikilizaji aliye Lugoba, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, ana haki ya kuuliza kisa hiki cha maji ya chumvi kinamhusu nini, ilhali yeye samaki humwona amekwisha kukaangwa na kupitia Msata. Jibu limo katika mawe. Kokoto za Lugoba zinajulikana kwa wajenzi wa Dar es Salaam, na jiwe likishaingia katika zege na zege ikashuka baharini, jiwe hilo huwa ardhi mpya ngumu mahali palipokuwa na tope na mchanga. Askidia wa kigeni, kama wengi wa aina yake, huanzia kwenye vitu vilivyojengwa: gati, ukuta wa kuzuia mawimbi, boya, nguzo ya daraja. Ufuko wa Bagamoyo, wenye maji ya rangi ya udongo kutoka Ruvu, tope, mchanga na mikoko, kwa asili yake haumfai sana mnyama anayehitaji mahali pagumu pa kujishika; kinachoweza kumfaa ni kile kitakachojengwa juu yake.

Na ujenzi umekuwa ukizungumzwa kwa muda mrefu. Makubaliano ya awali ya bandari kubwa ya Bagamoyo, katika eneo la Mbegani, yalitiwa saini mwaka 2013. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015 katika siku za mwisho za utawala wa Rais Kikwete. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake hadharani. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza nia ya kuufufua mradi. Mjadala wote huo ulihusu fedha, muda wa kukodisha na mamlaka ya nchi juu ya bandari yake, mambo yaliyostahili kujadiliwa, lakini swali la viumbe watakaokuja na ubavu wa meli halikusikika sana katika mabishano ya hadhara. Bandari ya Dar es Salaam, iliyo mwendo wa saa chache kwa mashua, hupokea meli kutoka Asia ya Mashariki mwaka mzima, na vyombo vidogo vinavyotoka humo kwenda Bagamoyo, Saadani na Unguja vinaweza kuwabeba viumbe hao ubavuni.

Kinachohitajika kwanza si teknolojia ya gharama. Njia inayotumika duniani kuwasajili askidia ni kibao cha plastiki kisichozidi upana wa sahani ya wali, kilichofungwa kwa kamba chini ya gati au boya, kina cha mita moja, uso wake ukielekea chini. Baada ya miezi mitatu hupandishwa, hupigwa picha, na kila kiumbe kilichoota huandikwa na sampuli yake kuhifadhiwa. Vibao 10 Mbegani, 10 Mlingotini, 10 Bagamoyo mjini na 10 katika bandari ya Dar es Salaam, vikibadilishwa katika kusi na katika kaskazi kwa miaka miwili, vitatoa orodha ya wenyeji na wageni ambayo Holyhead ingalikuwa nayo mapema ingaliokoa fedha nyingi, na ambayo mwani wa Zanzibar haukuwahi kuwa nayo. Chuo cha uvuvi kiko Mbegani penyewe, wanafunzi wake wana mashua, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar ina wataalamu wa kuwatambua viumbe watakaopandishwa. Vibao hivyo vitundikwe kabla nguzo ya kwanza ya bandari haijapigwa, kwa sababu baada ya hapo kila kitakachoonekana juu yake kitaitwa mwenyeji.